Fuwele za Mkojo na Jiwe la Figo

Fuwele za mkojo ni chembe zinazojengeka pale chumvi na taka za mwili zinapozidi kiasi ambacho mkojo unaweza kuyeyusha. Hali hiyo humjia upesi mtu anayetoka jasho kutwa nzima na kunywa maji kidogo, awe mvuvi wa Ziwa Victoria au mkulima wa majaruba ya mpunga wilayani Misungwi. Fuwele zikishikamana ndani ya figo, jiwe huanza.

Kuziona hakuhitaji mtambo wa ajabu. Misungwi kuna kichocho cha mkojo, kinachoenezwa na konokono wa malambo na madimbwi, na hadubini inayotafuta mayai yake inatosha pia kwa fuwele. Tone lile lile linaloonyesha yai lenye mwiba nchani laweza kuonyesha fuwele kando yake. Jambo hili lina uzito, kwa kuwa damu kwenye mkojo huku hudhaniwa haraka kuwa ni kichocho, ilhali jiwe nalo hukwaruza njia ya mkojo na kutoa damu. Mtu mmoja aweza kuwa na vyote viwili.

Mawe mengi, takriban manane katika kila kumi, ni ya kalsiamu, hasa kalsiamu oksaleti. Fuwele yake inayojulikana zaidi ni ya pembe nne, yenye mistari inayokatizana kama mgongo wa bahasha. Asidi ya yuriki hutoa fuwele za manjano au kahawia katika mkojo wenye asidi, pH ikiwa chini ya 5.5. Kuitambua kuna faida kubwa: jiwe lake kwa kawaida halionekani kwenye eksirei ya kawaida, lakini mara nyingi huyeyuka kwa dawa ya kupunguza asidi, bila kisu. Fuwele za magnesiamu, amonia na fosfeti hupatikana mkojo ukiwa na pH ya juu. Zikiambatana na usaha na bakteria wanaovunja urea, mfano Proteus, huashiria jiwe la maambukizi, ambalo hurudi lisipoondolewa lote. Ya nadra ni sistini, yenye pembe sita. Hiyo hutokana na ugonjwa wa kurithi, na kuonekana kwake tu ni ushahidi.

Nyingine zote si ushahidi kamili. Oksaleti huonekana hata kwa mzima aliyekula mchicha mwingi, dawa za salfa zina fuwele zake, na mkojo uliokaa ukapoa huzalisha fuwele ambazo mwilini hazikuwamo. Ndiyo maana sampuli hupimwa ingali mpya, ndani ya saa mbili. Tena, mwenye jiwe anaweza kukutwa hana fuwele hata moja. Daktari huzisoma pamoja na pH, picha na historia ya mgonjwa.

Jibu la uhakika hutokana na kupima jiwe lenyewe. Anayehisi linashuka akojoe juu ya kitambaa safi au chujio, na likitoka alipeleke hospitali.