Makaburi, Mienge na Ada ya Uanachama: Nani Hutunza Urithi wa Lewes?

Oktoba 1845, vibarua waliokuwa wakichimba njia ya reli mjini Lewes, kusini mwa Uingereza, walikuta masanduku mawili madogo ya madini ya risasi. Ndani mlikuwa na mifupa, na vifuniko vilikuwa na majina: William na Gundrada. Hao ni William de Warenne na mkewe, walioanzisha monasteri ya mji huo katika karne ya 11, Wanormani walipokwisha kuiteka nchi. Reli ilipita hivyo hivyo katikati ya magofu. Ila mwaka uliofuata makasisi, mawakili na waungwana wengine wakaunda Chama cha Akiolojia cha Sussex, ambacho baadaye kilikuja kuimiliki ngome ya mji.

Hoja ya mhadhara huu inaanzia hapo. Mji huu wa soko, wenye wakazi wapatao 17,000, haukuisubiri serikali iutunzie kumbukumbu. Kazi hiyo imefanywa na vyama: watu wanaolipa ada, wanaogombea uenyekiti na wanaonuniana kwenye mikutano mikuu.

Wakati waungwana wakijadili vigae vya kale, vijana wa mitaani walikuwa na historia yao. Kila tarehe 5 Novemba Waingereza huwasha moto kukumbuka njama ya 1605 ya kulipua Bunge kwa baruti. Lewes ina kidonda zaidi ya hicho. Kati ya 1555 na 1557, enzi za Malkia Mary aliyekuwa Mkatoliki, Waprotestanti 17 walichomwa moto hapo wakiwa hai. Kumi kati yao siku moja, mbele ya nyumba ya wageni ya Star. Sherehe za vijana zilikuwa fujo tupu: mapipa ya lami yanayowaka yakiburutwa barabarani, fataki zikirushwa ovyo. Mwaka 1847 wakubwa walileta polisi kutoka London, wakaishia kupigana nao.

Virungu havikufua dafu. Kilichosaidia ni katiba na daftari la mahudhurio. Mwaka 1853 viliundwa vyama vya sherehe za moto vya Cliffe na Borough, vingine vikafuata, na vurugu ikapata katibu, mweka hazina na ratiba.

Siku hizi vyama hivyo vya moto mjini humo ni saba. Kila kimoja kina njia yake, uwanja wake wa moto na sweta zake za mistari: nyeusi na nyeupe ni Cliffe, buluu na nyeupe ni Borough. Mkazi haulizwi dini. Huulizwa ni wa chama gani. Usiku huo hubebwa misalaba 17 inayowaka, na Cliffe hutupa pipa la moto mtoni Ouse. Mwaka mzima kabla yake ni wa kuchangisha fedha, kushona mavazi na kuunda sanamu za kejeli zitakazolipuliwa.

Wengi husema hiyo ni chuki ya kidini iliyovikwa fataki. Si uzushi, Cliffe bado huchoma sanamu ya Papa Paulo V, aliyekuwa Papa wakati wa njama ile ya 1605. Lakini mwaka 1981 mhubiri Ian Paisley wa Ireland Kaskazini alipokwenda kugawa vipeperushi dhidi ya Wakatoliki, mwaka uliofuata iliyochomwa ilikuwa sanamu yake.

Ubishi hapo una asili. Thomas Paine, kabla ya kuhamia Marekani na kuchapisha kitabu kilichochochea mapinduzi, alikuwa mkusanya ushuru Lewes kuanzia 1768 hadi 1774, akibishana siasa na wenzake wa Klabu ya Headstrong katika hoteli ya White Hart.

Ubishi mkali zaidi wa karibuni uliigusa Afrika. Kwa miaka mingi Borough kilitembeza wanachama waliovaa kama mashujaa wa Kizulu, nyuso zimepakwa weusi, watetezi wakidai ni heshima. Heshima gani hiyo, mwenyewe hajaulizwa? Mwaka 2017, baada ya malalamiko ya umma na mazungumzo na kundi la ngoma za Kizulu, chama kilikubali kuacha kupaka nyuso. Mwaka huo huo mienge iliwashwa na Borough kikaandamana kama kawaida.