Fungeni Polepole



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Mimi ni fundi wa mabomba ya kiwandani, nami nitasema juu ya kitu kimoja tu: valvu.

Kila mmoja wenu amefungua koki ya maji. Valvu ya kiwandani ni ndugu yake mkubwa. Iko ya lango, ambayo bamba lake huinuliwa au hushushwa kukata njia. Hiyo ni ya kufungua kabisa au kufunga kabisa. Ukiiacha nusu, maji yapitayo kwa kasi huzila kingo zake, na mwisho haizibi tena. Ya kupunguza na kuongeza ni ile ambayo kizibo chake hushuka taratibu juu ya kikalio. Tena iko yenye tufe lililotobolewa: robo ya mzunguko tu, imefunga.

Hii ya mwisho ndiyo iliyonitia adabu. Nilikuwa fundi kijana. Bomba letu lilikuwa na urefu wa mita 600 na upana wa sentimita 15. Nilipoambiwa nifunge maji, nikavuta mkono wa valvu mara moja, kwa mbwembwe. Tukasikia kishindo kama cha nyundo, kiungo kikapasuka, na msaidizi wangu aliyesimama karibu akavunjika mkono.

Fundi mkuu, mzee ambaye hakupata kuingia sekondari, aliniambia, "Mwanangu, umewafungia mlango watu wanaokimbia."

Usiku ule nilipiga hesabu. Bombani mlikuwa na tani 10 na zaidi za maji, zikienda mita 2 kwa sekunde. Ukizisimamisha ghafla, presha huongezeka kwa kilo 24 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Mrusi Nikolai Zhukovsky aliyachunguza mambo haya katika mabomba ya Moscow mwaka 1897 na 1898. Mshindo husafiri kiasi cha mita 1,200 kwa sekunde. Katika bomba letu ulihitaji sekunde 1 kwenda na kurudi. Afungaye kwa sekunde 20 au 30 huyapa maji nafasi ya kupunguza mwendo. Mimi nilifunga kabla sekunde hiyo moja haijatimia.

Vijana, kanuni za mwendo nilifundishwa katika darasa lile pale. Nikafaulu mtihani, nikaziacha mlangoni. Aliyelipa ni mwenzangu: mkono wake ulipona, lakini haukunyooka tena.