Kumsaidia Mwenzi Anayepasuliwa Moyo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kampala)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ama baad. Nimeombwa niseme machache juu ya haki za mume na mke katika wakati wa maradhi. Nimeona yafaa nichague ugonjwa mmoja tu na nishike hapo, kwani maneno ya jumla hupita masikioni kama upepo. Nitasema juu ya mtu ambaye mwenzi wake ameambiwa kwamba hana budi kupasuliwa moyo. Nimechagua jambo hili kwa sababu limo majumbani mwetu. Si siku nyingi hupita bila ya mtu kuja msikitini kuomba dua kwa ajili yake, na wengi wao huja hali ya kuwa hawajui wafanye nini baada ya dua.

Kwanza tufahamu jambo lenyewe. Moyo una vilango vinne, ambavyo madaktari huviita vali, na kazi yake ni kuiachia damu ipite mbele na kuizuia isirudi nyuma. Hapa kwetu wengi wa vijana wenye ugonjwa huu waliupata tangu utotoni. Mtoto hushikwa na maumivu ya koo, wazazi wakasema ni mafua tu, kisha kwa baadhi ya watoto ikafuata homa ya baridi yabisi inayovimbisha viungo na kuharibu vali za moyo. Viungo hupona, lakini vali hubaki na kovu. Miaka mingi baadaye yule mtoto, ambaye sasa ni mke wa mtu, huanza kuhema akipanda ngazi, miguu ikavimba, na pengine mimba ndiyo inayofichua maradhi, kwa kuwa mimba huuongezea moyo kazi.

Ili daktari atengeneze vali au aibadilishe, hupasua mfupa wa kidari, akausimamisha moyo, na damu ikapitishwa katika mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu kwa muda huo. Mashine hiyo ilitumiwa kwa mafanikio mara ya kwanza tarehe 6 Mei 1953 huko Philadelphia, Marekani, na Daktari John Gibbon. Na katika miaka mingi aliyoihangaikia kuitengeneza, mkewe Mary alikuwa akifanya kazi pamoja naye katika maabara. Basi hata chombo chenyewe hakikukosa mkono wa mwenzi.

Zamani mtu wa Uganda aliyehitaji kazi hiyo hakuwa na njia ila kusafiri ng'ambo. Taasisi ya Moyo ya Uganda ilianzishwa pale Mulago mwaka 1988, na tangu mwaka 2007 upasuaji wa moyo wazi umekuwa ukifanyika humu humu nchini. Wengine walikwenda Khartoum, ambako shirika la Kiitaliano liitwalo EMERGENCY lilifungua kituo cha Salam mwaka huo huo wa 2007, kikiwatibu watu bila malipo. Wenzetu wa Tanzania nao wana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hapo Muhimbili, Dar es Salaam. Nayataja haya ili mtu asidhani kwamba neno “moyo” likitajwa na daktari, basi ni sanda iliyotajwa.

Ndugu zangu, wapo wasemao kwamba kuupasua moyo ni kuingilia kazi ya Mwenyezi Mungu, na kwamba mwenye kutawakali hukaa nyumbani akanywa maji yaliyosomewa. Maji yaliyosomewa sisi hatuyakatazi. Lakini kutawakali si kukaa. Mkulima hutawakali baada ya kupanda, wala hatawakali na jembe likiwa limening'inia ukutani. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwaamrisha watu wajitibu. Basi mwenye kumzuia mkewe asiende hospitali kwa jina la dini, ajue kwamba dini haikumtuma.

Sasa tuje kwenye wajibu wa mwenzi, nao una nyakati tatu: kabla ya siku yenyewe, siku yenyewe, na baada yake.

Kabla ya siku yenyewe, wajibu wa kwanza ni kusikiliza. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na ni kweli, uji hupikwa ukaletwa. Lakini katika habari ya kupasuliwa, mgonjwa huulizwa. Mwili ni wake na hofu ni yake. Twawaona waume wakijibu mbele ya daktari na mke amekaa kimya, wala haulizwi kama amefahamu. Enda naye, keti kando yake, na maswali yaandikeni katika karatasi kabla hamjatoka nyumbani. Na akikwambia usiku kwamba anaogopa kufa, usimnyamazishe kwa kumwambia ati hana imani. Hofu si kufuru. Mwache aseme, nawe umshike mkono.

Wajibu wa pili ni kuuliza habari ya vali yenyewe. Ziko vali za madini na kaboni, nazo hudumu miaka mingi, lakini mwenye nazo hutumia dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote. Ziko nyingine zinazotengenezwa kwa nyama ya ng'ombe au ya nguruwe. Hizo mara nyingi hazihitaji dawa hiyo maisha yote, lakini huchakaa, na kwa kijana huchakaa upesi zaidi. Muislamu ana haki ya kuuliza ni ya mnyama gani, na kuomba ya ng'ombe au ya madini ikiwa ipo na inamfaa. Ikiwa haipo, na uhai umo hatarini, basi dharura ina hukumu yake, na mlango huo umefunguliwa na sheria yenyewe. Na ikiwa mke angali anataka kuzaa, jambo hili lisemwe wazi mbele ya daktari, kwa maana ile dawa ya damu yaweza kumdhuru mtoto tumboni, na mimba juu ya vali ya madini ni jambo la hatari lisilofanywa ila kwa shauri la tabibu. Mume anayemharakisha mkewe abebe mimba ili kuwaridhisha wakwe na majirani, anaichezea roho ya mtu.

Wajibu wa tatu ni kuweka mambo sawa. Madeni yaandikwe, amana zirudishwe, na wasia uandikwe. Kuandika wasia hakuleti mauti, wala kutouandika hakuyafukuzi. Muislamu mwenye afya pia ameamrishwa kuwa nao. Muugane mgonjwa na aliogombana nao, ili aingie chumba cha kupasuliwa na kifua chepesi. Kisha tafuteni damu mapema. Jamaa na wenye kuswali pamoja nanyi waende Nakasero, kwenye benki ya damu, wakajitolee. Mmoja atoaye damu amefanya zaidi ya kumi waliokuja kukaa kwenye majamvi.

Siku yenyewe ni siku ya kungoja. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na kuchelewa si lazima kuwe ni habari mbaya. Mwenzi atakayeruhusiwa kumwona mgonjwa baadaye na ajitayarishe. Atamkuta katika chumba cha wagonjwa mahututi, amelala, ana mpira mdomoni wa kumsaidia kupumua, ana mirija kifuani ya kutolea maji na damu, na uso umevimba. Wengi hulia wakadhani amekufa. Hivyo ndivyo wanavyokuwa, hata wale ambao kesho yake huketi wakaomba chai. Atakapozinduka hataweza kusema kwa sababu ya ule mpira. Basi sema wewe. Mtajie jina lake, mwambie kazi imekwisha, mwambie watoto hawajambo. Wala msiwalete jamaa ishirini mlangoni. Kumzuru mgonjwa ni sunna, na kumchosha si sunna.

Kisha huja siku za nyumbani, nazo ndizo ndefu. Mfupa wa kidari huchukua wiki nane hata kumi na mbili kuungana. Katika muda huo mgonjwa hainui ndoo ya maji, habebi mtoto, hasukumi kitu kizito. Basi nani atateka maji? Nani atapika? Nasema mbele yenu waume wote: ni wewe. Mtume wetu alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake, akishona nguo yake kwa mkono wake, na heshima yake haikupungua.

Dawa ya kuzuia damu isigande, iitwayo wafarini, haina mzaha. Ikipungua, damu yaweza kuganda juu ya vali na kuleta kiharusi. Ikizidi, mtu hutoka damu. Ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara. Mwenzi na aikumbuke saa ya dawa kama aikumbukavyo saa ya Alasiri. Mboga za majani kama dodo, nakati na sukuma hazikatazwi, ila ziliwe kwa kipimo kisichobadilika-badilika, kwani zikizidi hupunguza nguvu ya dawa. Mitishamba na vidonge vya maumivu vya dukani visinywewe bila ya kuuliza. Na mwenye ile baridi yabisi ya moyo huenda akaambiwa aendelee na sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne. Asiiache kwa kuwa kidonda kimepona.

Katika ibada, Mwenyezi Mungu hakututaka uzito. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala. Jeraha lililofungwa lisiloweza kuoshwa lina hukumu zake za kupangusa na kutayamamu. Katika Ramadhani, mgonjwa amesamehewa. Daktari akisema asifunge, basi kula kwake si aibu, na mwenzi asimtazame kwa jicho la lawama.

Jueni pia kwamba wengi baada ya kupasuliwa moyo hushikwa na huzuni. Hulia bila sababu, hukasirika upesi, usingizi hupotea. Wengi wao jambo hili huwapitia, lakini likikaa, daktari aambiwe. Si jini, wala si kukosa shukrani.

Sasa nifike kwenye neno lililonileta hapa. Wapo kati yetu waume ambao mke akirudi na kovu la kifua kizima, humpeleka kwa wazazi wake ati “akapumzike”, wala wasimfuate tena. Wapo wanaooa mwingine wiki ile ile, na fedha za dawa zikawa fedha za harusi. Sisemi kwamba kuoa kumeharamishwa. Nasema kwamba haki ya mgonjwa haifutwi na harusi. Qur'ani imewafananisha mume na mke na vazi. Vazi kazi yake ni kusitiri na kumkinga mtu na baridi. Basi vazi linalomkimbia mtu siku ya baridi ni vazi gani?

Na mwenye kudai kwamba shughuli zake ni kubwa mno, hawezi kukaa kitandani pa mgonjwa, namkumbusha Sayyidna Uthman bin Affan. Katika mwaka wa pili wa Hijra, yaani 624, Waislamu walitoka kwenda Badri. Palikuwa na haja kubwa ya watu siku hiyo kuliko siku yoyote. Mkewe Ruqayya, binti wa Mtume, alikuwa mgonjwa. Mtume akamwamrisha Uthman abaki Madina amuuguze. Ruqayya hakupona, alifariki dunia katika siku zile zile habari za ushindi zilipofika mjini. Pamoja na hayo Mtume alimpa Uthman fungu lake katika ngawira na akamhesabia thawabu kama aliyekuwapo vitani. Zingatieni: thawabu ile haikushikamanishwa na kupona kwa mgonjwa. Ilishikamanishwa na kubaki.

Wake nao wameonyesha mfano. Nabii Ayyub alipougua miaka na watu wakamwepuka, twasimuliwa kwamba mkewe hakumwepuka. Na wengi wa wake zetu hapa Kampala wanafanya hivyo hivyo bila ya kusifiwa, wakilala sakafuni hospitalini na mchana wakauza matunda ili wapate nauli ya kumpeleka mume kupimwa damu.

Basi ninaliomba jambo moja kwa chama chetu. Tunao mfuko wa maziko, nao ni mwema. Na tuwe na mfuko wa wagonjwa pia, ili tusimfikie ndugu yetu kwa sanda tu, na hali tuliweza kumfikia kwa nauli na dawa. Na kila mzazi aliyepo hapa, mtoto akiumwa koo kwa homa, ampeleke zahanati. Huenda kwa sindano hiyo akawa amemwepushia kisu cha miaka ishirini ijayo.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, wape subira wanaowauguza, na uwarehemu waliotutangulia. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.