KUKAGUA NYUMBA KABLA YA KUINUNUA

(Maneno ya mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mnazi Mmoja, Dar es Salaam)



Chama kinapokusudia kununua nyumba hapa Mnazi Mmoja au Kariakoo iwe ofisi yake, Bodi hukimbilia hati. Huo ni utaratibu mwema. Jina la mwenye nyumba na habari za rehani huulizwa kwa Msajili wa Hati. Na ikiwa ni nyumba ya familia, ridhaa ya mke au mume wa muuzaji hutakiwa kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Lakini hati haisemi kama ukuta una ufa.

Wengi hudhani kazi hiyo imekwisha kufanywa na mthamini. Sivyo. Mthamini hueleza bei ya nyumba, na benki huitaka taarifa yake. Uimara wa nguzo si kazi yake. Anayehitajika ni mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, naye alipwe na chama chenyewe. Anayeletwa na dalali hutazama kwa macho ya dalali.

Nyumba za zamani za Kariakoo, zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, nyingi zilijengwa kwa miti na udongo, kisha zikapigwa lipu ya saruji. Lipu hiyo huficha mengi. Mkaguzi hodari hugongagonga ukuta asikie palipo wazi, hupanda darini kutafuta mchwa na mabati yaliyotoboka, hutoka uani kutazama karo la choo na njia ya maji ya mvua. Rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini tu ya ukuta na iulizwe sababu yake: mara nyingi imefunika unyevu na chumvi.

Kwa ghorofa jambo ni zito zaidi. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, wakafa watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka ghorofa la biashara papa hapa Kariakoo, na waliokufa walizidi 20. Basi muuzaji atoe michoro na kibali cha ujenzi, na ghorofa zilizosimama zihesabiwe kwa kulinganishwa na zilizoruhusiwa. Aulizwe pia kama nguzo yoyote imekatwa ili kupanua duka, au kama chini pamechimbwa stoo. Zege lililobanduka na kuonyesha nondo zenye kutu si kasoro ya kumalizwa kwa rangi.

Taarifa ya ukaguzi nayo ina mipaka. Mhandisi haoni ndani ya ukuta asiporuhusiwa kuupasua, na muuzaji hukataa. Si ajabu, nyumba bado ni yake. Kwa hiyo Katibu asome kwanza sehemu inayotaja yale yasiyokaguliwa.

Si kila kasoro inayovunja ununuzi. Paa bovu hukadiriwa gharama, ikapunguzwa katika bei. Msingi unaotitia ni habari nyingine. Mkataba wa awali useme wazi kwamba malipo ya kwanza yatarudishwa ukaguzi ukionyesha ubovu wa msingi au nguzo, na taarifa isomwe yote mbele ya Mkutano Mkuu kabla wanachama hawajapiga kura.