Uzio wa Kitalu: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Uzinduzi wa Kiwanda Kidogo cha Alizeti, Chanzuru

Ndugu Mwenyekiti wa kikundi,
Mheshimiwa Diwani wa Kata ya Chanzuru,
Ndugu Mtendaji wa Kata,
Wataalamu kutoka Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI), kituo cha Ilonga,
Viongozi wetu wa dini,
Wazee wangu, mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kumpa fundi mitambo heshima ambayo kwa kawaida hupewa mwanasiasa.

Risala yenu nimeisikia. Alizeti mnayo, mashine ya kukamua sasa mnayo, lakini mafuta ya mawese ya Malaysia na Indonesia yanawashinda kwa bei madukani. Mnaomba nifikishe ombi kwamba mafuta ya nje yapigwe marufuku. Kilio chenu nitakifikisha. Ombi lenyewe nitalibadilisha kidogo, na ni haki yenu kujua kwa nini.

Kwanza, Serikali imeshajaribu kuwakinga. Bajeti ya mwaka 2018/19 ilipandisha ushuru wa forodha hadi 25% kwa mafuta ghafi na 35% kwa yaliyosafishwa. Wakamuaji wa Singida na Dodoma wakapumua. Ikaja 2022: vita vya Ukraine, na Indonesia ikazuia kwa wiki kadhaa mawese yake yasitoke. Bei ikapaa, mlaji akalia, ushuru ukalegezwa. Baadaye akalia mkulima, maana bei ya alizeti iliporomoka. Sasa jiwekeni mahali pa mwenye kiwanda aliyetaka kukopa anunue mtambo wa kusafisha mafuta. Mkopo ni wa miaka mitano, ushuru unaweza kubadilika kila bajeti ya Juni. Ataahirisha, na mashine ya zamani itaendelea kukamua.

Pili, kinga peke yake haizai ubunifu. Hapo Morogoro mjini kilijengwa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia miaka ya 1970. Mitambo ilitoka nje, ya kisasa kabisa. Hakikufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Zama zile bidhaa za nje zilibanwa kuliko leo, lakini fedha za kigeni za kununulia vipuri nazo zilikuwa adimu. Soko lililofungwa halikukiokoa.

Ushuru ni uzio wa kitalu. Unazuia mbuzi, lakini miche inakuzwa na maji na mbolea, na siku ya kuihamishia shambani lazima ifike. Sukari ya mkoa wetu inaonyesha pande zote mbili, faida ya uzio na gharama yake. Imelindwa kwa miaka mingi. Kilombero imewekeza katika kupanua kiwanda, na kile cha Mkulazi kule Mbigiri kilizinduliwa Agosti 2024. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwaka huohuo mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa, sukari iliadimika na bei ikamuumiza mnunuzi. Gharama ya uzio hulipwa na mwananchi, hivyo ana haki ya kuuliza miche imefikia wapi.

Tatu, jambo ambalo halisemwi sana. Katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, mashine nzima ya kukamua mafuta huingia kwa 0%. Lakini fundi wa Morogoro anayetaka kuiunda mwenyewe hukuta baadhi ya vyuma anavyohitaji vinatozwa ushuru mkubwa. Anayeagiza mashine tayari amepunguziwa mzigo. Anayebuni ya kwetu ameongezewa. Ndiyo maana mafundi wetu wengi wameishia kuchomelea mageti.

Kwa hiyo nitakalolipeleka ni hili: ushuru wa mafuta ya nje ubaki, utangazwe kwa miaka kadhaa mbele, na ushuke kidogo kidogo kwa ratiba inayojulikana, na chuma cha fundi wa mashine kipate nafuu ileile iliyopewa mashine ya nje.

Nanyi mna sehemu yenu. TARI Ilonga ni jirani zenu, na ndicho kituo kinachosimamia utafiti wa alizeti nchini. Kaulizeni mbegu yenye mafuta mengi, msikubali kupanda yoyote inayopatikana. Pimeni kila gunia limetoa lita ngapi, muandike kwenye daftari. Mashudu yakitoka yangali na mafuta mengi, mwiteni fundi arekebishe mashine, kwa sababu hayo ni mafuta mliyoyalima wenyewe na kumuuzia mfugaji kwa bei ya chakula cha kuku. Mafuta yenu yachujeni vizuri, muyapeleke Shirika la Viwango (TBS) yapate alama ya ubora, ndipo mwenye duka atakosa sababu ya kuyakataa. Mkinialika tena, risala ianze na daftari hilo, malalamiko yafuate.

Baada ya kusema hayo, sasa natamka rasmi kuwa kiwanda hiki kimezinduliwa.