Daktari Naye Hufundishwa Kufundisha



Neno "daktari" asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ilikuwa mwalimu. Hata hivyo, kwa muda mrefu madaktari walikabidhiwa wanafunzi bila ya wao wenyewe kufundishwa namna ya kusomesha. Aliyesifiwa kwa uhodari wa kutibu alihesabiwa papo hapo kuwa ni mwalimu. Dhana hiyo haikuwa sawa. Wapo watu wenye elimu tele vifuani mwao, lakini wakianza kuieleza, msikilizaji hutoka na kiza kuliko kile alichoingia nacho. Na hayo hayapatikani hospitalini tu.

Miongoni mwa waliotangulia kulishughulikia jambo hili ni Dakta George Miller wa Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani. Katika miaka ya 1950 aliwakutanisha madaktari na mabingwa wa ualimu, ili wajifunze namna mtu anavyoelewa na namna ya kumpima. Kwa daktari mkubwa, kukaa darasani mbele ya mtu asiyejua hata kutibu homa, halikuwa jambo jepesi. Mwaka 1959 Miller alihamia Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, akaanzisha huko ofisi ya utafiti wa elimu ya udaktari. Leo vyuo kadhaa, kama kile cha Dundee, Scotland, hutoa shahada ya pili katika fani hiyo.

Desturi ya zamani ilikuwa mwanafunzi aone kazi mara moja, aifanye mara moja, kisha amfundishe mwenziwe. Kosa lake lililipwa na mgonjwa. Mwaka 1998 mpasuaji wa Uingereza, Rodney Peyton, alieleza njia ya hatua nne. Tuseme kazi ni kushona jeraha. Kwanza mwalimu hushona kwa mwendo wake wa kawaida, kimya. Mara ya pili hushona polepole akieleza. Mara ya tatu mkono ni wa mwalimu, lakini maelezo ni ya mwanafunzi. Mara ya nne mwanafunzi hushona na kueleza mwenyewe. Hiyo ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa, kwa kuwa kosa hukamatwa ulimini kabla halijafika mkononi.

Kadhalika daktari hufundishwa kumsahihisha mwanafunzi pasipo kumfedhehesha mbele ya mgonjwa. Katika hospitali kama Mulago, Kampala, wanakojifunzia wanafunzi wa Makerere, daktari hutibu na kufundisha kitandani pale pale, na ulimi huweza kuteleza. Mwanafunzi aliyeaibishwa huacha kuuliza. Kisha usiku, akiwa zamuni peke yake, hukisia kipimo cha dawa.