Wakati wa Kumwendea Wakili
(Hotuba ya Kamati ya Elimu kwa Wanachama)



Twashukuru kwa heshima tuliyopewa kusema machache katika sikukuu hii ya miaka kumi ya Chama chetu Kikuu. Wenzetu wamekwisha kuisifu pamba na maghala. Sisi twauliza neno moja: mali hii tuliyoichuma kwa jasho, nani atailinda tutakapokuwa hatupo?

Wazee wetu wa Usukuma walituachia fundisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walipunjwa katika mizani ya wanunuzi wa pamba, nao wakaweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na juhudi hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani na wenzake, vikazaliwa vyama vya wakulima, na mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Iangalieni busara yao: mpimaji alisimama pale kabla ya fedha kulipwa. Wakili naye ni vivyo hivyo. Aghalabu twamwendea siku ya kuitwa barazani, hali kazi yake yenye faida kubwa ni ile ifanywayo kabla ya ugomvi.

Kwanza, wosia. Kwa Sheria za Mila zilizotangazwa mwaka 1963, wosia ulioandikwa wa mtu ajuaye kusoma wataka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Wa asiyejua kusoma wataka wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Mke au wake waliopo nyumbani hushuhudia pia. Mwenye shamba moja na watoto wapatanao aweza kuyatimiza hayo bila gharama. Lakini mwenye wake wawili, mwenye kiwanja chenye hati mjini, au mwenye mashine ya kusaga aliyoinunua kwa shirika na mwingine, asiandike kabla ya kuuliza. Sheria za mila, za Kiislamu na za Serikali hazigawi urithi kwa namna moja.

Tusidhani kwamba wosia mzuri wamaliza yote. Ng'ambo ya ziwa, katika wilaya ya Muleba, mama mmoja wa Kihaya alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Uzee ulipomjia bila msaada, akaiuza mwezi Agosti mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Siku ya pili yake mpwa wake akamshitaki, kwa kuwa mila haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mama akashindwa katika Mahakama ya Mwanzo, akashinda katika Mahakama ya Wilaya, na rufani ikaja hapa Mwanza, katika Mahakama Kuu. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba Katiba yakataza ubaguzi huo, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Mpwa alipewa miezi sita kuikomboa ardhi kwa bei ile ile. Mpwa alishika mila aliyofundishwa. Sheria ilikuwa imekwisha kubadilika. Hapo ndipo faida ya wakili: kujua sheria ya leo, wala si ya jana.

Pili, ardhi na nyumba. Ulizeni kabla ya kuuza au kununua shamba la kijiji, kwani Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa Halmashauri ya Kijiji mamlaka juu ya mambo hayo. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Na aliyenyang'anywa ardhi asilale: dai la ardhi lina muda wa miaka 12.

Tatu, biashara. Mkopo, ubia na udhamini ni mambo matatu ya kusomewa kabla ya kutia sahihi. Mdhamini hula hasara ya deni ambalo hakulila. Viongozi wa vyama nao wasitie mhuri mkataba kwa haraka, kwa kuwa deni la chama ni mzigo wa wanachama wote.

Je, asiye na fedha afanyeje? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 yawatambua wasaidizi wa kisheria na yaweka njia ya kuwasaidia wasio na uwezo bila malipo. Lakini jihadharini na vishoka. Yeyote ajiitaye wakili, mwulizeni cheti chake cha kazi cha mwaka huu, na kila fedha mtoayo mwidai stakabadhi.

Ndugu zetu, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya msimu ujao, kila mwanachama na akae na mke wake na watoto wake, aorodheshe shamba, mifugo, hisa na madeni, kisha aulize panapomtatiza. Tusiwarithishe watoto wetu kesi mahali pa shamba.

Ushirika udumu.